JEMBE, JIVU NA MAJIMOTO
Historia fupi ya bustani zetu Mahege, na jinsi zilivyotaka kutuvunjia kikundi



Tulipogawana kazi ya kuandaa kijitabu hiki, wengine walipewa hesabu, wengine picha, wengine orodha ya viongozi tangu mwanzo. Sisi watatu tulipewa bustani. Tulinung'unika kidogo. Tulisema, mchicha na bamia vina historia gani? Lakini tulipokaa na bibi zetu tukaanza kuulizana nani alijifunza nini kwa nani, tukaona kumbe kazi tuliyopewa si ndogo. Kikundi hiki kilitaka kufa mwaka wake wa tatu, na kilitaka kufa kwa ajili ya wadudu wa nyanya. Asiyejua habari hiyo hawezi kujua kwa nini leo tunasherehekea.

Basi tumeona tuanzie mbali kidogo, maana vita ya mwanamke na magugu, wadudu na wanyama waharibifu katika nchi hii ya Rufiji haikuanza na kikundi chetu.

1. ENZI ZA DUNGU

Wazee wetu walilima kwa kufuata mto. Mto Rufiji ulipojaa ulimwaga maji bondeni, na maji yakashuka na tope jipya. Mpunga ulipandwa kwa mvua ukangoja mafuriko. Maji yalipoondoka, ardhi ikiwa bado na unyevu, watu walipanda mahindi, kunde na mboga. Kilimo hicho cha baada ya maji tunakiita mlau mpaka leo. Mafuriko yalileta hasara yakizidi, lakini pia yalikuwa dawa: yalizamisha magugu, yakafukuza panya mashimoni, na yakaleta mbolea bila mtu kulipa hata senti.

Shida kubwa ya wakati ule ilikuwa na miguu minne, au ilikuwa na mabawa. Nguruwe pori, ngedere, nyani, viboko na makundi ya ndege. Kwa hiyo watu walijenga madungu, vile vibanda virefu vya miti vinavyosimama juu ya nguzo katikati ya shamba. Familia ilihamia dunguni tangu mpunga unapoanza kuzaa hadi unapovunwa. Mtoto alishika kamba yenye madebe, mama alipiga kelele, baba alilala na mkuki. Kazi ya kuamia ndege ilianza alfajiri, hata chai hujanywa. Bibi mmoja tuliyezungumza naye alituambia, "Wajukuu zangu, mimi shule yangu ilikuwa dungu. Nilijua kuhesabu kwa kuhesabu ndege."

Palizi nayo ilikuwa ya wanawake. Wanaume walifyeka na kuchoma, lakini jani likishaota, jembe la palizi lilikuwa mkononi mwa mama. Tunayasema haya si kwa kulalamika. Tunayasema kwa sababu mtu akitaka kujua elimu ya magugu ilihifadhiwa wapi, ajue ilihifadhiwa kwa wale walioinama.

2. NGURUWE NA VITA VYA MAJI MAJI

Watoto wetu wanafundishwa shuleni kwamba Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 kule Nandete, Umatumbi, watu walipong'oa pamba ya serikali ya Wajerumani. Wanafundishwa pia juu ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro Agosti 1905. Ngarambe na Mohoro si nchi za watu wengine, ni huku huku kwetu Rufiji. Pamba ile ililimwa kwa lazima katika mashamba ya pamoja, na siku za kulima pamba zilikuwa ndizo siku za kupalilia chakula.

Lakini kuna sehemu ya habari hii ambayo haisemwi sana. Mwanahistoria mmoja, Thaddeus Sunseri, aliandika mwaka 1997 juu ya njaa na nguruwe pori katika Uzaramo, majirani zetu wa kaskazini. Alionyesha kwamba wanaume walipochukuliwa kwenda kufanya kazi mbali, na uwindaji wa nyavu ulipobanwa na sheria za Wajerumani, nguruwe waliongezeka wakaingia mashambani. Waliobaki kupambana nao ni wanawake. Kwa mtazamo wake, hasira ya wanawake hao juu ya mashamba yaliyoliwa ni sehemu ya chanzo cha vita.

Tuliposomeana habari hiyo kikaoni, mama mmoja alisema, "Basi hata vita ile ilikuwa na palizi ndani yake." Tulicheka, lakini ni kweli. Ukimwondoa mlinzi shambani, au ukimnyima njia yake ya kujilinda bila kumpa nyingine, mdudu na mnyama wanakuwa ndio serikali.

3. TULIPOHAMIA JUU

Mwaka 1968 mto ulifurika vibaya. Baada ya hapo Serikali ilianzisha Operesheni Rufiji, watu wakaanza kuhamishwa kutoka bondeni kwenda katika vijiji vya nchi ya juu. Ilikuwa miongoni mwa operesheni za mwanzo kabisa za kuwakusanya watu vijijini katika Tanzania. Shule zilikuja, zahanati zikaja, na maji hayakuingia tena vyumbani usiku. Hayo hatuwezi kuyakana.

Ila shamba la mpunga lilibaki bondeni, na nyumba ikawa juu. Mtu akalala mbali na mazao yake. Kwa hiyo karibu na nyumba ndipo bustani ilipoanza kuwa na uzito: muhogo, kisamvu, matembele, mchicha, bamia, mapapai, minazi michache na mikorosho. Udongo wa juu una mchanga, hauletewi tope na mto, na hauzamishwi. Magugu yasiyojua kuogelea yalipata nyumba mpya. Ndago, ukoka na kiduha, ambavyo bondeni vilipunguzwa na maji, huku juu vikatukalia.

Hapa ndipo bibi zetu walipojifunza upya. Walimwaga jivu la jikoni kwenye mboga zenye vidukari. Walipanda kunde na maboga katikati ya mahindi ili ardhi ifunikwe. Walining'iniza mbegu juu ya moshi wa jiko. Hakuna aliyeiita elimu. Iliitwa kupika, kufagia na kulima.

4. WAKATI WA DAWA ZA DUKANI

Wakulima wa pamba ndio waliozoea mapema bomba la kupulizia dawa mgongoni. Hata hivyo, hata katika pamba, amri kubwa haikuwa ya dawa. Ilikuwa ya kung'oa miti ya pamba na kuichoma baada ya mavuno, ili funza wa pamba asipate pa kukaa mpaka msimu ujao. Wazee waliolima pamba wanaikumbuka amri hiyo pamoja na ukali wa bwana shamba. Ni njia ya asili kabisa, ila ilikuja na karatasi ya serikali.

Baadaye dawa zilianza kuuzwa rejareja hata kwa mwenye bustani ya matuta manne. Hatusemi dawa zote ni mbaya. Unga wa salfa umeokoa mikorosho mingi na ugonjwa wa ubwiri unga, na watafiti wa Naliendele kule Mtwara walifanya kazi kubwa juu ya jambo hilo. Ubaya ulianza pale dawa ilipotolewa katika chombo chake, ikamiminwa katika chupa ya soda, ikauzwa bila karatasi, bila kipimo, na bila kuambiwa usubiri siku ngapi kabla ya kuvuna.

5. MWAKA WA TATU

Sasa tufike kwenye habari yenyewe.

Kikundi chetu kilianza kama vingi vya namna hii. Hisa kila wiki, sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na wagonjwa, faini kwa mchelewaji, na mgao mwisho wa mwaka. Miaka miwili ya mwanzo mikopo ilikwenda kwenye maandazi, khanga, samaki wakavu na ada za watoto. Mwaka wa tatu saba kati yetu wakaja na wazo moja: nyanya. Soko la Kibiti lipo, magari ya Dar es Salaam yanapita, nyanya inalipa. Wakakopa kwa pamoja, tena mkopo mkubwa kuliko yote tuliyowahi kutoa.

Miche iliota vizuri. Halafu majani yakaanza kuwa na michoro myeupe kama mtu ameandika kwa chaki, yakakauka, na nyanya zikatobolewa. Wakulima wa nchi hii wamemwita mdudu huyo Kantangaze, maana ukimpata shambani, habari zako zitasikika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na hapa Tanzania aligunduliwa mwaka 2014. Kiwavi chake hukaa ndani ya jani lenyewe, dawa inapita juu yeye yuko ndani anakula. Tena amezoea dawa nyingi. Hayo yote sisi hatukuyajua.

Wenzetu wakanunua dawa. Haikusaidia. Wakanunua nyingine. Muuzaji mmoja, hatutamtaja, akawauzia dawa ndani ya chupa ya soda, akawaambia wachanganye "kifuniko kimoja au viwili, mtaona wenyewe." Wakaona. Majani yaliungua, mdudu akabaki. Mwenzetu mmoja aliyepulizia bila kujifunika, tena upepo unamjia usoni, alianguka jioni ile, anatoka udenda, macho hayaoni vizuri. Tulimkimbiza kupata matibabu. Mwenyezi Mungu alimjalia akapona, lakini siku tatu zile hakuna aliyelala.

Nyanya ziliisha. Deni likabaki. Siku ya mgao ilipofika, sanduku lilifunguliwa na ndani hamkuwa na cha kugawana. Waume wengine wakasema wake zao wasirudi tena kikundini. Wengine wakasema wale saba wauziwe vyombo. Kikao kile kilikuwa kikali, mpaka mweka hazina akalia. Ndipo mama mmoja wa makamo, ambaye yeye hakukopa, akasimama akasema, "Mkiuza masufuria yao mtapata masufuria. Hela yenu hamtaipata. Waacheni walipe kidogo kidogo, na sisi sote tujifunze walichokosea, maana kesho ni zamu yetu." Tulipiga kura. Wengi wakakubali. Deni lile lililipwa kwa miezi mingi, na wa mwisho kulipa alishangiliwa kama bibi harusi.

Zilikuwa nyakati ngumu vile vile kwa sababu nyingine. Mwaka 2017 hofu ilitanda katika wilaya zetu kwa sababu ya mauaji yaliyotokea Kibiti na Rufiji. Watu waliogopa kwenda mbali. Bustani iliyo mlangoni ikawa si jambo la ziada tena, ikawa ndiyo mboga ya leo.

6. SHAMBA LA KUJIFUNZIA

Tuliamua kutenga matuta machache nyuma ya nyumba ya mwenyekiti, kila tuta na njia yake, tuone kwa macho. Tulimwita bibi wa dungu, tuliyemtaja hapo juu. Alipofika tulimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kigoda, akaangalia matuta yetu, akasema, "Mnatafuta dawa ya mdudu. Kwanza tafuteni mdudu." Neno hilo limekuwa sheria yetu. Tumejifunza haya yafuatayo.

Juu ya magugu. Kila gugu lina tabia yake. Ndago ana viazi vidogo chini ya ardhi. Ukimkata juu juu na jembe unamzidisha, kwa hiyo tunachimba, tunaokota viazi vyake na kuvianika juani vife. Kiduha ni mwizi: hushika mizizi ya mahindi au mpunga na kunyonya kabla hata hajachomoza juu. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, na mbegu hizo hudumu ardhini miaka mingi. Yeye tunamng'oa kabla hajatoa mbegu, hata kama mahindi yameshaharibika, maana tunaokoa mwaka kesho. Samadi na kunde humpunguza. Na mchunga, mlenda na mchicha pori si magugu mpaka ushibe.

Kazi kubwa imefanywa na matandazo: majani makavu, mabua, pumba za mpunga, makuti ya zamani. Tuta lililofunikwa vizuri tunalipalilia mara chache kuliko lililo wazi, na maji hukaa. Lakini tuseme ukweli, matandazo huita mchwa, na ndago hutoboa akatokea juu anakuchungulia. Kwa hiyo hatuyaweki kugusa shina, na hatuyaweki juu ya ndago kabla ya kumchimba.

Juu ya wadudu wa mboga. Vidukari wa kunde na kabichi tunawaosha kwa maji yenye sabuni kidogo, au tunanyunyiza jivu lililochekechwa asubuhi jani likiwa na umande. Viwavi tunawaokota kwa mkono na kuwapa kuku. Mahindi ya bustani yakiingiwa na viwavijeshi vamizi, waliofika nchini mwaka 2017 baada ya kuonekana Afrika Magharibi mwaka 2016, tunatia jivu au mchanga katika moyo wa mmea mapema, kiwavi akiwa bado mdogo. Akishakuwa mkubwa, jivu ni kumpaka poda tu.

Juu ya mwarobaini. Mti huu ulitoka India, na jina lake kwetu linasema unatibu maradhi arobaini. Nguvu kubwa iko katika kokwa. Tunakausha kokwa kivulini, tunatwanga, tunachukua kama gramu 50 kwa kila lita ya maji, tunaloweka usiku kucha, tunachuja kwa kitambaa, tunatia sabuni kidogo ili ishike jani. Tunapulizia jioni, kwa sababu jua huiharibu. Mwarobaini hauui mdudu palepale. Humfanya asile na asikue. Mtu anayetaka kuona maiti za wadudu asubuhi yake atasema haufanyi kazi, kumbe wamekwisha acha kula.

Juu ya utupa. Wazee walijua mmea huu kwa kuvulia samaki, na unaua wadudu pia. Hapa tulibishana sana. Mmoja wetu alisema, cha asili hakina madhara. Bibi akamjibu, "Hata nyoka ni wa asili." Utupa ni sumu ya samaki, na sheria ya uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu. Sisi ni watu wa mto na delta, samaki na kamba ndio kitoweo na biashara yetu. Kwa hiyo kikundi kilipitisha: anayetumia utupa bustanini asioshe vyombo vyake mtoni wala bwawani, na asiache chombo mahali mtoto anapofika.

7. JESHI TUSILOLILIPA

Sehemu iliyotushangaza zaidi ni hii. Tulikuwa na jeshi juu ya minazi yetu na tulikuwa tukilichoma moto.

Kila mtu hapa anamjua majimoto, chungu mwekundu anayeshona majani kuwa nyumba na kukuunguza ukipanda mti. Wakwezi humchukia. Lakini kuna mdudu anayefyonza vidaka vya nazi vikadondoka, ukabaki unalaumu jirani kwa uchawi. Mtaalamu Michael Way alichunguza jambo hili Unguja miaka ya 1950, na mdudu yule mfyonzaji akapewa jina la kitaalamu linalotokana na jina lake. Ilionekana kwamba palipo na majimoto wengi, mdudu huyo hashiki. Baadaye watafiti wa minazi wa Mikocheni, Dar es Salaam, walifundisha namna ya kumsaidia majimoto: kufunga kamba au vijiti kutoka mti hadi mti viwe madaraja, na kumzuia sisimizi mwingine mwenye kichwa kikubwa anayempiga vita chini ya mti. Kwenye mikorosho pia majimoto humkabili mbu wa mikorosho, yule anayekausha machipukizi na maua.

Sasa tumefunga madaraja yetu ya kamba. Mkwezi tunampa jivu ajipake miguuni na mikononi, na tunamwongeza kidogo kwenye ujira wake. Kila kazi na malipo yake.

Habari ya muhogo ni kubwa zaidi, maana ni ya Afrika nzima. Mwaka 1973 kidung'ata wa muhogo alionekana Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, naye alitoka Amerika ya Kusini. Akaenea nchi kwa nchi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 akafika Tanzania. Muhogo ndio chakula cha maskini siku mpunga unapokosekana. Wataalamu, wakiongozwa na Hans Herren, walikwenda kutafuta adui wake kule kule alikotoka, wakampata Paraguay nyigu mdogo sana anayetaga mayai ndani ya kidung'ata. Walianza kumwachia Nigeria mwaka 1981, kisha nchi nyingi. Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Kwa hiyo mama anayechuma kisamvu chake leo Mahege, yupo mlinzi aliyemfikia bila kukopa wala kulipa.

Lakini nyigu hatibu magonjwa. Batobato na michirizi kahawia huenezwa na inzi weupe na kwa mbegu tunazopeana. Michirizi kahawia iliandikwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 hapa Tanganyika, kule Amani. Dawa yake ni macho: kata mbegu katika mti mzima tu, na mti mgonjwa ung'oe hata ukiuma moyo. Tumeacha ile tabia ya kumpa shoga mbegu bila kuzikagua. Upendo wa namna hiyo umesambaza maradhi mengi.

Tukaambiwa pia habari za Kenya, huko Mbita kando ya Ziwa Viktoria. Watafiti wa ICIPE, akiwemo Zeyaur Khan, tangu miaka ya 1990 wamefundisha kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya tembo pembeni. Desmodiamu humfukuza kipekecha shina na kukandamiza kiduha, na majani ya tembo humvuta mdudu aende pembeni. Tulifurahi kusikia, maana ni ndugu wa kunde na maboga ya bibi zetu, ila wao wamepima na kuandika.

8. YALIYOTUSHINDA

Kijitabu cha sherehe huwa na sifa nyingi. Sisi tumeona tuandike na yaliyotushinda, ili atakayekuja asipoteze muda.

Nyanya za wingi tumeziacha. Kwenye bustani ya nyumbani tunapanda chache, tunachuma majani yenye michoro na kuyafukia chini kabisa, na hatupandi nyanya, bilinganya wala nyanya chungu kwenye tuta lile lile msimu unaofuata. Kwa mboga ya nyumbani inatosha. Kwa biashara kubwa bado hatujaweza.

Ndege wa mpunga hawajali mwarobaini. Nguruwe hajali pilipili zaidi ya siku mbili tatu. Kwa hao bado tunategemea dungu, kelele na majirani wanaolinda kwa zamu. Na kazi ya mikono ni nyingi. Mama mwenye mtoto mchanga na mgonjwa ndani hawezi kuokota viwavi kila asubuhi. Ndiyo maana tuliweka zamu za kusaidiana palizi, na mwanachama aliyejifungua hupaliliwa bustani yake kwa siku mbili. Njia ya asili bila watu inabaki maneno matupu.

Mikopo ya dawa hatukuifuta. Tumeiwekea masharti: dawa iwe kwenye chombo chake chenye maandishi, mkopaji aeleze mdudu gani anamkusudia, aonyeshe amejifunika, na aseme atavuna baada ya siku ngapi. Mwaka 2020 nchi ilitunga sheria mpya ya afya ya mimea, iliyoanzisha mamlaka ya kusimamia viuatilifu. Ni jambo jema. Lakini mamlaka haiwezi kukaa katika kila duka, kwa hiyo na sisi tumeamua kuwa na macho.

9. MASIKA YA 2024

Aprili 2024 mto ulirudi. Mafuriko yaliharibu mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti, watu wakapoteza mpunga na nyumba. Wanachama wetu waliokuwa na mashamba bondeni walirudi mikono mitupu. Mfuko wa jamii ulitoka, lakini mfuko una mwisho. Kilichotuvusha wiki zile ni matuta ya nyumbani: matembele, kisamvu, mchicha, kunde, na mihogo iliyokuwa bado chini. Waliokuwa navyo waliwachumia wasiokuwa navyo. Mmoja wa wale saba wa nyanya ndiye aliyetoa mihogo mingi kuliko wote. Hakuna aliyelisema jambo hilo kikaoni, lakini kila mtu aliliona.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, bibi wa dungu hakufika kwenye sherehe hii. Alifariki kabla hatujamaliza kuandika. Aliwahi kutuuliza, "Mtaandika nini kuhusu mimi, na mimi sijui kusoma?" Tulimwambia tutaandika aliyotufundisha. Akasema, "Basi andikeni kwanza tafuteni mdudu." Tumeandika.

Tunawaomba wanachama wapya wasisubiri hasara ndipo waulize. Tunawaomba wahisani wetu waendelee kutuletea wataalamu, na wataalamu wakija wakae kidogo na wazee kabla ya kusema. Na tunawaomba watoto wetu wasione haya kushika jembe la palizi, wavulana pia, maana mchicha hauulizi aliyeupalilia ni mume au mke.

Matuta ya kujifunzia bado yapo nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Mlango uko wazi kila siku ya kikao, baada ya kufunga sanduku. Njoo na jembe lako.

Umoja ni nguvu.

Kamati ya bustani,
kwa niaba ya wanachama wote
Mahege, Kibiti